Taa Nyekundu Nyuma ya Magunia ya Korosho

Nilistaafu mwezi uliopita nikiwa na vidole vyangu vyote, na kwa fundi wa msumeno wa meza hicho ndicho cheti. Vijana wa karakana waliniandalia pilau na soda, wakanipa doti ya khanga na saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo ninapohitaji kujua ni saa ngapi. Halafu wakaniomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaokuja nyuma wajifunze. Nimekubali. Ila anayetaka kujua nililipwa nini na nilipanda cheo lini asijichoshe kusoma. Mshahara ulikuja ukaliwa, na cheo hakikuwahi kunisaidia kuinua gogo la mninga.

Mimi ni mzaliwa wa vijiji vya Lulindi. Nilisomea useremala kwenye shule ya ufundi nikiwa msichana pekee darasani, nikaajiriwa Masasi, katika karakana ya ushirika iliyokuwa upande wa vile vilima vya mawe. Siku ya kwanza nilifika na boksi langu la randa na patasi. Mlinzi akanitazama, akaniambia wanaouza chai hukaa upande wa nyuma. Nikaenda upande wa nyuma, nikamkuta kweli mama anauza chai, nikanywa kikombe kimoja na kitumbua, nikarudi getini.

"Chai nimeshakunywa," nikamwambia. "Sasa nionyeshe msumeno ulipo."

Msumeno ulikuwa mikononi mwa Fundi Mchopa, Mmakua wa Lisekese, mtu mfupi, mkali, mwenye unga wa mbao hadi ndani ya masikio. Hakuniuliza kama mwanamke ataiweza kazi ile. Aliniuliza kama nimevaa bangili.

"Vua," akasema. "Na pete vua. Na huo ushungi ufunge kwa nyuma, usining'inie."

"Na hereni, fundi?"

"Hizo baki nazo. Hutasukuma mbao kwa masikio."

Jioni, kabla hatujaondoka, alitupanga mlangoni. "Onyesha vidole," akasema. Kila mtu akainua mikono, naye akapita mbele yetu akikagua kama mwalimu wa zamu. Aliyetimia aliruhusiwa kwenda kwake. Nilidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni, lakini kesho yake akarudia, na keshokutwa pia, na alirudia kila jioni kwa muda wote nilioishi naye kazini. Yeye mwenyewe aliinua mkono wa kushoto usio na kidole cha shahada. "Mimi mkubwa," alituambia, "mimi nimesamehewa."

Nianze na jambo la kazi, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Zamani zile mstari mrefu tuliupiga kwa uzi. Unaulowesha uzi kwenye masizi yaliyokorogwa na maji, mmoja anashika mwisho huu na mwingine mwisho ule, unauvuta ukaze, unauinua katikati, unauachia. Unapiga pwa! na ubao unabaki na mstari mweusi ulionyooka. Kisha unachana. Sasa vijana wengi huharibu hapo hapo, maana husahau kwamba meno ya msumeno yana unene, na unene huo lazima ule mbao. Ukichana katikati ya mstari, umejipunja. Lazima uamue msumeno ule upande wa ubao utakaoutupa, na upande unaoutaka ubaki na mstari wake. Fundi Mchopa alilifundisha hilo kwa kutupiga kichwani na kipande kilichotoka kifupi, na ndiyo sababu wanafunzi wake wote tulijitahidi angalau makosa yetu yawe membamba.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho walijaa Masasi na magari yao, maduka yakajaa vitu vya Dubai, viti vya plastiki vikaanza kukaliwa hata na wazee wa heshima, na ushirika wetu ukalegea mpaka karakana ikauzwa. Aliyeinunua alikuwa mnunuzi wa korosho, Bwana Selemani, mwenyeji wa Newala. Alibeba mashine na watu, akatupandisha wote juu ya uwanda kwenye lori moja. Mimi sikunung'unika, kwa kuwa nilikuwa nimeolewa huko huko Newala na Baba Tomasi, muuza chumvi na dagaa sokoni. Fundi Mchopa alinung'unika kwa niaba ya wote. Alisema Newala kuna baridi, kuna upepo, maji ni ya kununua, na watu wake huongea kwa sauti kubwa. Yote yalikuwa kweli.

Msimu mmoja korosho zilimkubali sana Bwana Selemani. Akashuka Dar es Salaam, akarudi na msumeno mpya wa meza umefungwa kwenye boksi, amekaa nao nyuma ya lori kama anasindikiza bibi harusi. Tulipoufungua, juu ya kinga ya msumeno tulikuta kidubwasha cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Bwana Selemani akabonyeza kitufe, akatusimulia kwa mikono miwili.

"Hii ni leza. Inatoa mstari mwekundu, mstari unalala juu ya ubao, nawe unafuata tu. Mambo ya masizi yamekwisha. Hii mashine inaona yenyewe!"

Tukaangalia ubao. Hatukuona mstari.

"Labda bado haijaamka," akasema Fundi Mchopa.

Tatizo halikuwa mashine. Banda letu lilikuwa wazi pande zote, na jua la Newala halina kizuizi. Tena mbao zetu ni mninga na mkongo, nyekundu zote mbili. Mstari mwekundu, juu ya ubao mwekundu, katika jua lile, ulikuwa upo kwa imani tu. Tukauinamia, tukauwekea kivuli cha kofia, tukamsimamisha Bwana Selemani, mnene kuliko sote, akinge jua, na hapo tukauona kidogo ndani ya kivuli cha tumbo lake. Lakini tajiri hawezi kusimama hapo kutwa. Basi akaagiza magunia yake ya korosho yaletwe, tukayashona, tukayaning'iniza kuzunguka banda lote kuanzia kenchi za paa hadi chini. Giza likaingia. Mstari ukatokea mwembamba, mwekundu, umenyooka kama umechorwa na malaika, na wote tukasema "Aaah!" kwa pamoja. Hivyo ndivyo tulivyoanza kufanya kazi gizani ili tupate faida ya taa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwenye boksi kulibandikwa karatasi ya manjano yenye picha ya jicho linalopigwa miale. Fundi Mchopa hakuielewa lugha yake, ila picha aliielewa vizuri mno. Tangu siku hiyo kila taa ilipowashwa alipiga kelele kwa sauti ambayo Masasi ilitumika kuushinda mngurumo wa mashine: "Usiangalie! Usiangalie! Utapofuka!"

Leza yenyewe ilitaka adabu, na hili nalo mliandike. Mstari wake si msumeno. Ni kidole kinachoonyesha, na kidole kinaweza kuonyesha vibaya. Lori likipita na meza ikatikisika, kinga ikigongwa, unga wa mbao ukikaa juu ya kijicho cha taa, mstari unahama, na utaendelea kung'aa kwa kujiamini vile vile. Kila asubuhi chukua kipande kibovu, chana kidogo, zima mashine, subiri isimame kabisa, kisha tazama kama taa imelala kwenye ukingo wa ule mchano. Ikiwa haikulala hapo, ilegeze skrubu uirudishe. Usiipime kwa mstari wa penseli, ipime kwa jeraha la msumeno wenyewe. Bwana Selemani hakutaka kusikia hayo. Siku moja alikuja na wageni, amevaa shati jeupe, akachana mwenyewe milango ya kabati akifuata taa, na taa ilikuwa upande usio wake. Kabati lilipokamilika milango yake haikukutana. Vijana waliliita kabati la kuchungulia, na nadhani mpaka leo lipo kwake, limewekewa pazia.

Sasa nifike kwenye lile lililonikosesha usingizi.

Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu hautoki mpaka saa nne, na vijana wadogo walikuwa wameingia jandoni. Tomasi wangu alikuwa mmoja wao. Mama ambaye mtoto wake yuko kumbini hana raha. Unapika, unapeleka chakula mpaka mahali palipowekwa mpaka, unarudi, humuoni. Unachongoja ni siku ya kutoka, utakaposimama mbele ya watu, umempigia pasi shati jipya, umpokee kwa mikono yako. Nilishanunua khanga ya siku hiyo na kuificha juu ya kabati.

Na hapa, kwa wasomaji wasio wa kwetu, nieleze kidogo. Jando la Wamakonde lina mapiko, wale wachezaji wanaovaa vinyago kichwani. Kwa akina mama, lipiko ni mtu aliyekufa amerudi kutoka kaburini. Halina seremala. Halichongwi popote. Kwa hiyo mahali linapochongwa hapajulikani, pamezungushiwa uzio, na mwanamke akikaribia anafukuzwa kwa kelele. Bila shaka tunajua. Mimi shemeji yangu nilimtambua mara ya kwanza tu kwa visigino. Lakini kujua ni kimoja na kusema ni kingine, na hakuna mwanamke wa Newala aliyewahi kusema.

Basi fikirini wenyewe. Banda limezungushiwa magunia kutoka juu hadi chini. Kwenye matundu ya magunia unapenya mwanga mwekundu. Ndani kuna ngurumo, kuna harufu ya mbao mbichi, na kuna sauti ya mzee inayofoka, "Usiangalie! Utapofuka!" Tena ni msimu wa jando.

Wanawake wakaacha njia yetu. Tuliona tu madumu ya maji yakipita mbali kule nyuma ya msikiti, yakizunguka mtaa mzima. Kisha wateja wakakatika. Bwana Selemani alishangaa kwa nini wanaume nao hawaji, mpaka Fundi Mchopa alipomuuliza kama amewahi kumwona mwanamume akichagua kabati.

Mimi nilikuwa wa mwisho kugundua, kwa kuwa mtu husengenywa akiwa hayupo. Nikiingia sokoni mazungumzo yanahamia kwenye bei ya nyanya. Jirani yangu akawa ananisalimia akitazama miguu yangu. Mwishowe mama mkwe wangu, Bibi Paulina, akaniita kwake. Bibi Paulina siku za Jumapili alikusanya sadaka kanisani, na siku nyingine alikuwa kungwi wa wasichana, wala hakuona kazi hizo mbili zikigongana popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Mama Tomasi, kule kazini kwako kuna nini?"

"Kuna taa, mama."

"Taa gani inawashwa nchana, tena magunia yanashushwa?"

"Ni taa ya kutuonyesha mstari."

"Ya kuonyesha. Mbona Mchopa anawafokea watu wasiangalie?"

"Kwa sababu inaumiza macho, mama."

Akahesabu kwa vidole. "Taa ya kuonyesha, lakini hairuhusiwi kuangaliwa. Nwanangu, mimi nimekuwa kungwi tangu mumeo ananyonya, na sijawahi kutunga kitu kama hicho."

Kisha akaniambia lililokuwa limeamuliwa. Mama anayekaa kutwa mahali pa aina ile, pamoja na wanaume, hawezi kusimama uwanjani kumpokea mtoto. Angemtia mwanawe nuksi mbele ya wenzake. Siku ya kutoka, Tomasi angepokelewa na shangazi yake, nami ningebaki nyumbani.

Niliumia. Sisemi kwa mafumbo, niliumia mpaka mikono ikatetemeka, na fundi wa msumeno akitetemeka mikono hafai kwenda kazini. Nilimwambia mume wangu. Baba Tomasi alisema ni jambo gumu, akaenda kupima dagaa.

Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Nandonde, msimamizi wa kumbi. Nilimkuta uani kwake anatia mpini kwenye jembe, na mpini wenyewe ulikuwa umepinda, lakini nikajizuia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Tomasi. Kaa hapo, mbali kidogo."

"Mzee, nimekuja kwa haya yanayosemwa. Kule karakanani hakuna..."

Akainua mkono haraka. "Hakuna nini?"

Nikautazama ule mpini uliopinda.

"Malizia, nwanangu. Hakuna nini? Ukikitaja, umekijua. Na kama umekijua, umekionea wapi?"

Nikajaribu upande wa pili. "Basi mzee, waambie wewe akina mama kwamba hakuna."

"Niwaambie hakuna nini?"

"Hicho."

"Kitu kinachotoka kaburini hakina seremala. Nikisimama niseme hakichongwi kwako, nitakuwa nimesema kuna kwingine kinakochongwa. Unataka nivunje jando lote kwa ajili ya nsumeno wa Selemani?"

Tukatazamana. Alijua kwamba ninajua, na alijua kwamba mle bandani kulikuwa na makabati tu. Uso wake ulinionea huruma kabisa. Lakini mimi nisingeweza kukana bila kujitia hatiani, naye asingeweza kunitetea bila kutoa siri, na wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Akanipa muhogo wa kuchoma nile njiani.

Nikamwendea Bwana Selemani, nikamwomba aondoe magunia. Akakataa. Alisema taa ndiyo imemgharimu, na taa isipoonekana itakuwa kama hajaenda Dar es Salaam. Fundi Mchopa akasema turudi kwenye masizi. Wakafokeana juu ya maendeleo mpaka saa ya kufunga, kisha Fundi Mchopa akatukagua vidole, na vyangu akavitazama mara mbili kwa sababu vilikuwa vinatetemeka. "Wewe kesho usiguse mashine," akaniambia kwa upole ambao sikuuzoea.

Usiku ule sikulala, na alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Bibi Paulina. Nikamwambia kwamba maneno yamenishinda, maana kila neno ninaloshika lina miiba. Kama maneno hayasemeki, basi aje aone kwa macho yake.

"Nikiona, nami nitakuwa nimeingia mahali pa wanaume," akasema.

Akasokota pindo la khanga yake. Kisha nikaona uso wake unabadilika, nikaiona ile sura anayokuwa nayo kanisani mtu anapotia sarafu ndogo kwenye kikapu na yeye ameshaiona.

"Isipokuwa wanaume watoke," akasema. "Wanaume wakitoka, tukaingia sisi, hapo si mahali pao tena."

Walikuja saa nne, ukungu ukiwa ndio kwanza unaondoka. Mbele Bibi Paulina, nyuma yake makungwi wenzake, kisha wake wa wafanyabiashara, akina mama wa sokoni, na mmoja aliyetoka mashineni kusaga, ndoo ya unga wa muhogo bado kichwani. Bwana Selemani alipoambiwa atoke kwenye karakana yake mwenyewe alifungua kinywa, Bibi Paulina akamtazama, akakifunga. Akaenda kusimama barabarani kando ya gari lake. Fundi Mchopa ndiye aliyekuwa mgumu.

"Nani atasimamia mashine?"

"Mimi," nikasema. "Si umenifundisha?"

Akanitazama mikono. Ilikuwa imetulia. Basi akasimama mlangoni, akawazuia wale akina mama wote. "Kabla ya kuingia," akasema, "onyesha vidole." Alitaka kujua wanaingia na vingapi ili wakitoka pasiwe na ubishi. Wao wakadhani ndiyo taratibu ya mahali hapo, wakainua mikono juu kwa heshima kubwa, na hata Bibi Paulina akainua. Kisha nikaingia nao, nikashusha gunia la mlangoni nyuma yetu.

Nilipowasha taa kulikuwa na yowe moja tu, la yule mwenye ndoo. Mstari ukalala juu ya ubao. Bibi Paulina akasogea, akatazama chini na si kwenye kijicho, kama nilivyomwelekeza, akatandaza kiganja chake ubaoni ili mstari upite juu yake.

"Hauchomi," akawatangazia. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huu ndio unaokata?"

"Hapana, mama. Huu unaonyesha tu pa kukata. Anayekata ni msumeno, na anayesukuma ni mimi."

"Kumbe," akasema, "ni kama baba mkwe wako shambani."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye maranda. Hilo ninaliandika kwa sababu baba mkwe, Mungu amlaze pema, alilisikia baadaye na alikuwa akilisimulia mwenyewe. Nikachana ubao mmoja, kijiti cha kusukumia mkononi, wote wakiwa nyuma yangu. Ubao ukatoka umenyooka. Wakaushika, wakaupitisha mkono kwa mkono, wakaunusa.

"Na sasa mnajifungia kwa nini?" akauliza Bibi Paulina.

"Juani mstari hauonekani, mama. Mbao ni nyekundu, nao ni mwekundu."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Akageuka, akachota konzi ya unga wa muhogo kwenye ndoo ya mwenzake bila kuomba, akaupaka kwenye ubao wote kama anayempaka mtoto mafuta. Halafu akaenda kwenye gunia la upande wa jua na kulivuta pembeni kwa mkono wake. Jua likaingia. Juu ya ule weupe mstari ulionekana vizuri kabisa. Nilisimama na kijiti changu mkononi, nikakumbuka wiki zote zile tulizojigonga miguu gizani.

Tukalirudisha gunia, na tukakaa humo ndani muda mrefu kidogo. Mengine yaliyosemwa siandiki.

Tulipotoka tukaimba. Nje watu walikuwa wamejaa, na katikati yao alisimama Mzee Nandonde na fimbo yake. Bwana Selemani akawahi kuuliza, "Mmeona nini humo?"

"Hayo si ya wanaume," akajibu Bibi Paulina, akapita.

Mzee Nandonde akasafisha koo. Akasema kwa sauti, hamtazami mtu, kwamba yeye ameona akina mama wameingia, wamekaa na wametoka salama, wanaimba. Basi mahali hapo ni pa akina mama. Na tangu lini mambo ya wanaume yakafanyiwa mahali pa akina mama? Akageuka akaenda zake. Hakuna aliyekuwa amekana kitu, hakuna aliyekuwa amekiri kitu, na neno lile halikutajwa hata mara moja. Fundi Mchopa alikuwa bado mlangoni anakagua vidole.

Magunia yaliteremshwa siku hiyo hiyo, yakarudi kwenye korosho. Madumu ya maji yakarudi kwenye njia yetu. Bwana Selemani kwa muda mrefu alipiga hodi kwenye karakana yake na kungoja nimjibu. Nanyi vijana mnaocheka mnaponiona ninapaka ubao unga, sasa mnajua ulikotoka. Muhogo ukiwa adimu tumieni chaki, lakini chokaa msitumie, inakula macho kuliko hiyo leza. Zipo mashine siku hizi zenye mwanga wa kijani, unaonekana hata juani. Nazo zipimeni kila asubuhi.

Siku ya kutoka nilisimama mstari wa mbele na khanga yangu mpya. Ngoma zilipiga, mapiko yakatoka kaburini kama yalivyozoea, likiwemo moja lenye visigino vya shemeji, nikakimbia na kupiga kelele pamoja na wenzangu. Kisha watoto wakaletwa, vichwa vimenyolewa, macho chini. Nikamwona Tomasi wangu amekonda na amerefuka. Nikamkumbatia mbele ya watu wote, nikalia bila kujificha, na shangazi yake akanishikia khanga isianguke.

Nyumbani, alipokuwa anakula wali, aliuliza, "Mama, ni kweli uliwaingiza kina bibi kwenye ile taa nyekundu?"

"Na wewe huko mlifundishwa nini?"

Akanyoosha mgongo. "Hayo si ya wanawake."

"Basi kula wali wako."

Fundi Mchopa alirudi Lisekese uzeeni na akafia huko. Mbao za jeneza lake nilizichana mimi. Sikuwasha taa, nilipiga mstari kwa uzi na masizi kwa kuwa nilijua angelalamika. Nilimlilia kama baba, na bado nikiona kipande kifupi chini ya meza huwa nainamisha kichwa.

Msumeno sasa uko mikononi mwa Tomasi. Siku yangu ya mwisho, soda zilipokwisha na watu wakatawanyika, alinisindikiza mpaka mlangoni. Ana watoto wawili, ana mvi chache, na bado jambo lile linamkereketa.

"Mama," akasema, "umeshastaafu. Niambie basi. Siku ile mlikaa mle ndani muda mrefu. Bibi aliwaambia nini?"

"Onyesha vidole," nikamwambia.

Akacheka, akainua mikono yote miwili. Nikavikagua kimoja kimoja, vyote vilikuwepo, nikamruhusu aende kwake.